Barafu ya Kiwiko

Asubuhi ya kumi na tisa ya kupima barafu, kekee ilitoboa upesi mno, na hapo ndipo nilipopandwa na hasira kweli kweli.

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya ghuba ya Ziwa Perch, hatua mia na hamsini kutoka baa ya Duane Pufahl, pua imekufa ganzi, nikizungusha mkono wa kekee kama mtu anayesaga kahawa. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Ilikuwa imekaa hivyo wiki nzima. Mlango wa gari ulikuwa unalia ukiufungua, matairi yanabingirika kama yana pembe mpaka yapate moto, makamasi ya mtoto yanaganda kabla hujapata kitambaa. Kwa baridi ya namna hiyo barafu inatakiwa ikutoe jasho. Mimi nilizungusha mara chache tu, nikasikia kekee inadidimia, maji yakapanda yakanilowesha magoti.

Nikashusha rula. Inchi saba. Na katika hizo saba, tano za juu zilikuwa nyeupe kama maziwa: uji wa theluji ulioganda, ambao Bwana Okerlund, mwalimu wangu wa darasa la jioni la hali ya hewa, alitufundisha kuuhesabu nusu. Mbili za chini tu ndizo zilikuwa barafu hasa, nyeusi, inayoonyesha maji.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, baba mkwe wangu Delmar alikuwa apite hapohapo na pikapu yake ya tani mbili na nusu, akivuta gari bovu nyuma. Na ndani ya gari hilo bovu, kwenye usukani, akipiga honi, angekaa Wren. Wren ni binti yangu. Ana miaka mitano.

Ndivyo tunavyofanya hapa. Kila Jumamosi ya tatu ya Januari, kwa miaka sitini na sita, mji wetu huburuta gari hadi katikati ya ghuba. Injini imeshatolewa, mafuta yamekaushwa, bodi imepakwa rangi ya chungwa. Kamba inafungwa kutoka kwenye bampa hadi kwenye saa iliyo ukutani mwa baa, na watu wananunua tiketi wakibahatisha siku na dakika ambayo barafu ya mwisho wa baridi italiachia. Likizama, kamba inavutika, saa inasimama, mtu anashinda, zimamoto wetu wa kujitolea wanapata mipira mipya ya maji, kisha gari linatolewa kwa mnyororo. Na watoto waliotimiza miaka mitano ndio abiria wa safari ya kwenda. Delmar aliwahi kuipiga honi hiyo. Mume wangu Trent aliwahi kuipiga. Picha yake iko kwenye friji ya mama yake, kofia imemfunika macho, mdomo wazi kwa furaha. Mwaka huu watoto walikuwa wanne, na Wren alipewa usukani kwa sababu anayevuta ni babu yake. Tangu Desemba alikuwa akilala amevaa glavu zake za rangi ya chungwa.

Nataka niseme jambo kuhusu hali ya hewa ya kaunti hii, maana kila mtu anaizungumza na hakuna anayeitazama. Tuna majira manne, lakini watu wetu wanaishi katika majira ya utotoni mwao. Waulize. Watakuambia ziwa linaganda wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na theluji ya maana inafuata baadaye. Watakuambia mahindi yanaingia ardhini vichaka vya lilaki vikianza kutoa majani, na Agosti hewa inajaa jasho la mahindi hayo hadi shuka hazikauki kambani. Agosti wamepatia. Lakini mwaka huu Sikukuu ya Shukrani tulikula bata mzinga mlango ukiwa wazi. Desemba ilinyesha mvua. Mvua! Delmar alisimama dirishani, kikombe mkononi, akasema, "Hii si Desemba," kama vile Desemba ndiyo iliyokosea nyumba.

Ziwa liliganda siku mbili baada ya Krismasi. Kabla barafu haijafika inchi tatu, theluji ya inchi kumi na moja iliiangukia kwa siku moja. Na theluji ni blanketi. Sikulijua hilo kabla sijaanza masomo. Nilidhani theluji ni baridi, kwa hiyo inaongeza baridi. Sivyo. Inalifunika ziwa kama ninavyomfunika Wren, na baridi ya juu, hata iwe ya kuua, haipenyi. Tena uzito wake unaikandamiza barafu, maji yanapanda kwenye nyufa, yanachanganyika na theluji, na huo ndio uji mweupe.

Sasa wenzangu wanapima wapi? Wanapima shimo moja. Ni shimo la marehemu Orville, baba yake Delmar, hatua ishirini kutoka gati la baa. Kila mwaka hapohapo. Enzi za Orville lilikuwa shimo la haki, theluji yake ilikuwa ileile ya katikati. Lakini miaka sita iliyopita Duane aliuhamishia uwanja wa watoto wa kuteleza mbele ya baa yake, ili wazazi watazame mchezo wa magongo huku wakinywa, na tangu hapo theluji ya pale inaparuliwa kila asubuhi. Barafu ya pale haina blanketi, inapigwa na baridi mchana na usiku. Shimo la Orville lilisoma inchi kumi na nne. Na kumi na nne zilikuwa kweli, hakuna aliyedanganya. Mtu akidanganya unaweza kumuumbua. Utamfanya nini mtu anayesema kweli ya mahali pengine?

Ijumaa jioni mji mzima huwa kwa Duane kula samaki wa kukaanga. Nilitoka kiwandani, ambako nafungasha jibini, nikamchukua Wren kwa jirani, nikaenda na daftari langu la vipimo vya mashimo yangu matano. Trent alikuwa ameshafika, kakaa na wazazi wake, Delmar na Arlys. Wren akaruka moja kwa moja mapajani kwa babu yake, akaanza kuchovya kidole kwenye kachumbari yake ya kabichi. Delmar akamlamba kidole akijifanya anamng'ata. Delmar si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Baba," nikamwambia, "nimepima katikati jana na leo. Inchi saba."

"Saba? Umepima na rula ya chekechea?"

Meza ya jirani wakacheka.

"Tano kati ya hizo ni nyeupe."

"Nyeupe, nyeusi, barafu ni barafu, mwanangu." Akageuka. "Duane! Leo asubuhi tumepata ngapi?"

"Kumi na nne na ushee!" Duane akajibu kutoka kaunta, sahani tatu mkononi. Duane ndiye mwenye baa na ndiye mwenyekiti wa kamati ya gari. "Ningeegesha lori la maziwa pale!"

"Mmepima penye uwanja," nikasema. "Pale mnaparua kila siku. Kule katikati hakujaparuliwa tangu ziwa ligande."

"Baridi ya kule si ndiyo hii hii?"

"Ndiyo hii hii, na blanketi juu yake."

Duane akaja, akatua sahani mbele yangu, akamkonyeza Delmar. "Huyu mkweo akimaliza hiyo shule ya jioni, atakuja kututangazia kwamba maji yamelowa."

Kicheko kikapita baa nzima. Trent naye alitabasamu. Kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, lakini nilimwona, na naye akaona kwamba nimemwona.

Delmar hakucheka sana. Alikunja mkono wa shati, akagonga kiwiko mezani. "Baba yangu hakuwa na rula. Alikuwa na hiki. Unavua glavu, unatumbukiza mkono shimoni, unaikamata barafu kwa chini. Ikikufika kiwikoni, gari linakwenda. Isipofika, linabaki. Miaka sitini na sita, Brenna. Hatujamlowesha mtoto hata soksi."

"Basi njoo uutumbukize huo mkono katikati. Kesho, kabla ya gari."

"Shimo ninalo. Sihitaji la pili."

"Kwa nini? Unaogopa litasema nini?"

Hapo meza ya jirani waliacha kucheka. Arlys akanigusa kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayezima kitufe. "Brenna, mama, kula samaki wako. Anapoa."

"Nitapiga honi kwa nguvu," Wren akasema, mdomo umejaa, "mpaka samaki wa chini waamke."

"Wataamka, malkia wangu," Delmar akamwambia. "Wataamka na kukupigia makofi."

Sikumla yule samaki.

Njiani kurudi nyumbani Wren alikuwa amesinzia nyuma. Nilimuuliza Trent kama ananiamini.

"Najua umepima," akasema.

"Sijakuuliza hilo."

Akaendesha kidogo. Upepo ulikuwa unavusha theluji barabarani kama moshi mwembamba. "Ni baba yangu, Bren. Amelivuta gari lile miaka thelathini. Nimwambie nini mbele za watu?"

"Mwambie inchi saba."

"Watu wanapita kule kila siku na pikipiki za theluji."

"Pikipiki ya theluji haina watoto wanne na pikapu mbele yake!"

"Usimwamshe." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi, "Hata hivyo madirisha yatakuwa wazi. Na mikanda hawafungi. Unajua baba alivyo makini."

Hebu sikilizeni. Hapa kwetu kila mtu analijua hili tangu anapojifunza kuendesha: ukiwa juu ya barafu, unafungua madirisha na hufungi mkanda, ili likidondoka uweze kutoka. Tunalisema kama tunavyosema vaa kofia. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisema. Ila usiku ule nilisikia maneno yale kama sijawahi kuyasikia. Mimi ninayemfunga Wren mkanda kila asubuhi mpaka analalamika, ninayesimamisha gari akiufungua, naambiwa kwamba ulinzi wa mwanangu ni dirisha lililo wazi. Mtoto wa miaka mitano, amevaa suruali ya theluji, buti, jaketi nene na glavu. Angetoka vipi? Angeelea vipi? Wanajua lile gari linaweza kuzama, wamejua siku zote, na wameshapanga atokee wapi. Walichokataa ni kupima tu.

Nilikuwa na hasira na watu wawili sasa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ananipeleka nyumbani.

Asubuhi Arlys alikuja mapema kumchukua Wren, akamvalishe na wenzake. Ningeweza kukataa. Najiuliza mpaka leo kwa nini sikukataa pale pale mlangoni, nikamfungia mtoto ndani, mambo yakaisha. Ni kwa sababu walikuwa wanne. Ningemtoa wangu, watatu wangekwenda, na mimi ningekuwa nimekaa jikoni na daftari.

Saa tano na nusu niliendesha gari langu dogo la bluu mpaka ziwani. Watu walikuwa wameshajaa ufukweni, labda mia tatu, moshi wa soseji unapanda wima kwa jinsi hewa ilivyotulia. Kuna njia moja tu ya gari kuingia ziwani: mteremko wa saruji wanaoshushia maboti wakati wa kiangazi. Niliuziba. Niliegesha mkingamo, pua imegusa jabali la upande huu, mkia umegusa nguzo ya upande ule, nikavuta breki ya mkono, nikafunga milango, nikatia ufunguo ndani ya soksi.

"Kuna gari la bluu limepotea njia," sauti ya Duane ikasema kwenye kipaza sauti. "Brenna, mama, choo cha wanawake kiko upande mwingine!"

Wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Pikapu ya Delmar ikaja taratibu, gari la rangi ya chungwa nyuma yake, bendera kwenye bampa. Madirisha yote manne yalikuwa yameshushwa. Wren alikuwa kwenye usukani, amekalia mto, haonekani zaidi ya kofia na glavu. Alikuwa anapiga honi bila kupumzika. Delmar akashuka, akaja, akagonga kioo changu.

"Sogeza."

"Pima."

"Brenna. Sogeza gari."

"Pima katikati, baba. Dakika tano tu. Kekee iko kwenye buti la gari."

"Unaniaibisha mbele ya watu wote hawa."

"Ndiyo."

Alinitazama kama vile nimempiga kofi. Kisha akaondoka, nami nikadhani amekwenda kufikiri. Hakwenda kufikiri. Alikwenda kumwita Duane na trekta la kuparulia theluji. Akainama yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini, akafunga mnyororo kwenye bampa langu. Nikasikia vyuma vinagongana. Nikasikia trekta linanguruma. Gari langu likaanza kuvutwa kiubavu nikiwa ndani, matairi yamekaza, yanakwaruza saruji, na watu, majirani zangu, watu ambao nimewapelekea chakula walipojifungua na walipofiwa, wakaanza kushangilia.

Nilifungua mlango gari likiwa bado linaburutwa, nikaangukia magoti, nikainuka. Sikumwendea Delmar. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gari la chungwa, dirisha la Wren. Honi ikanyamaza.

"Mama, unaharibu!" akaniambia. Machozi yalikuwa yameshaanza kuganda kwenye kope. "Kila mtu anakutazama! Toka!"

Hilo lilinichoma kuliko mnyororo.

"Delmar!" nikaita. Sijawahi kumwita hivyo bila neno baba, kabla wala baada. "Njoo hapa!"

Akaja. Duane akazima trekta, nadhani ili asikie vizuri.

"Mfunge mkanda," nikasema.

"Nini?"

"Umesema ni salama. Kumi na nne na ushee, lori la maziwa, miaka sitini na sita. Sawa, nimekubali. Sasa mfunge Wren mkanda, pandisha hicho kioo, uende. Wafunge wote wanne. Nitasimama hapa nikupungie mkono."

"Mtu hafungi mkanda kwenye barafu. Unajua hilo."

"Kwa nini?"

Akageuza macho kwenye madirisha yaliyoshushwa.

"Kwa nini, Delmar? Waambie hawa. Waambie kwa nini mtu hafungi mkanda kwenye barafu!" Nilikuwa napiga kelele sasa, sauti inapasuka, si sauti ya mtu aliyesoma wala anayetaka kusoma. "Nyote mnajua kwa nini! Nyote mmeshusha madirisha! Nyote mnaparua theluji pale kila asubuhi halafu mnapima palepale! Mfunge mkanda, Delmar, mbele yangu! Mfunge!"

Alinyoosha mkono kupitia dirishani. Nadhani alitaka kunionyesha. Nadhani alikuwa na hasira kama zangu, na alikusudia kuufunga kweli ili yaishe. Aliuvuta mkanda juu ya kifua cha Wren, juu ya lile jaketi nene, mpaka karibu na kifungio.

"Babu, tunafunga?" Wren akauliza.

Chuma cha mkanda kilikuwa kimekaribia kabisa, upana wa kidole. Mkono wake ukabaki hapo. Kisha akauachia. Mkanda ukarudi taratibu mahali pake, ukagonga ukingo wa mlango.

Nyuma yangu mama mmoja, mama yake Gunnar, alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. "Toka, Gunnar. Toka, nimesema." Hakunitazama.

"Trent," Delmar akasema bila kugeuka, "lete kekee."

Kumbe Trent alikuwa ameshaichukua. Alikuwa amesimama kando ya buti la gari langu, kekee begani, uso umemwiva. Nikamtoa Wren garini, akinipiga mateke, nikamkabidhi kwa Arlys, tukaanza kutembea watu watatu: Trent mbele, Delmar, kisha mimi, tukizama kwenye theluji mpaka magotini. Kwa mtu anayetembea inchi saba zinatosha. Hatua mia na hamsini ni nyingi watu mia tatu wakiwa wanakutazama mgongoni na hakuna anayekohoa.

Trent alizungusha kekee. Nilihesabu, haikufika mizunguko thelathini. Maji yakapanda.

Delmar akavua glavu, akavua jaketi, akakunja shati mpaka juu ya kiwiko, akapiga magoti katika baridi ile, akatumbukiza mkono. Niliona vidole vinatafuta ukingo wa chini. Vikaupata mara moja. Barafu ilimfika nusu ya njia kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, hata nusu haikutimia. Akauzungusha mkono shimoni, upande huu, upande ule, kama mtu anayepapasa chini ya kochi akitafuta inchi zilizodondoka. Kisha akautoa, akaushika ule uji mweupe uliokuwa juu, akaubana. Ukavunjika kiganjani.

"Jingine," akasema.

Trent akatoboa jingine hatua kumi mbele. Halafu jingine. Kwenye la tatu Delmar alibaki amepiga magoti muda mrefu, na maji ya mkononi mwake yakaanza kuganda kwenye malaika.

"Baba, vaa jaketi," Trent akamwambia.

"Waliuhamisha lini ule uwanja?"

"Miaka sita," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mwaka juzi tuliwachukua saba," akasema. "Mapacha wa Lindner walikuwemo. Mwaka ule mwingine watano." Akaanza kuwataja majina. Aliwataja wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyemzuia. Barafu ya miaka hiyo ilikuwa na inchi ngapi hatujui, na hatutajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia.

Hakuniomba radhi. Alirudi ufukweni mkono umekuwa mwekundu kama nyama, akaufungua mnyororo bampani mwangu yeye mwenyewe, akamwambia Duane neno moja, "Linabaki," akaingia kwenye pikapu akakaa.

Mngependa niseme kwamba watu walinishukuru. Duane alitangaza kwamba safari imeahirishwa "kwa sababu za kiufundi." Ili tiketi zisipotee, vijana wawili wa zimamoto walilisukuma kochi bovu la baa mpaka katikati, wakalifunga kamba ya saa. Kochi! Watu walilizomea. Mmoja akanipita na soseji mkononi akasema, "Asante sana, Bi Hali ya Hewa." Ijumaa iliyofuata, kwenye samaki, nilisikia kwa masikio yangu: barafu ingebeba, mbona haikuvunjika? Bila shaka haikuvunjika! Hakuna kilichowekwa juu yake! Nitaishi katika kaunti hii mpaka nizeeke nikiwa mwanamke aliyeua sherehe ya gari, na sitakuwa na ushahidi wowote, isipokuwa watoto wanne wanaokwenda shule wamekauka.

Wren hakunisemesha Jumapili nzima. Jioni alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni na glavu zake.

"Babu amesema mwaka kesho nitapiga," akasema. "Hata nikiwa na sita. Amesema kama kiwiko kitafika."

"Kiwiko cha katikati?"

Akafikiri. "Sijui. Muulize wewe."

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa natafuta rula nikasikia matairi yenye pembe yanaingia uani. Alikuwa Delmar. Alibaki ndani ya pikapu muda kidogo kabla ya kushuka. Nyuma alikuwa amepakia vijiti vitano vya mbao, vimepakwa ile rangi ya chungwa iliyobaki, kila kimoja kimechongwa ncha.

"Unasema mashimo yako ni matano," akasema.

"Matano."

"Nionyeshe."

Sikumkaribisha kahawa. Bado nilikuwa nasikia ule mnyororo, na bampa langu lilikuwa limepinda, na hata sasa limepinda. Nilimtupia daftari, akalidaka kwa mkono wake mzuri. Ule mwingine ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kidole gumba. Tukaenda ziwani. Yeye alichomeka kijiti, mimi nikatoboa. Jua lilikuwa linachomoza, halina joto hata kidogo, na baridi ilikuwa imelegea hadi nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.

Nikashusha rula. "Saba na robo," nikasema.

Aliandika kwa shida, penseli imekataa kwenye kidole kilichofungwa. Alipomaliza hakulifunga daftari. Akaangalia safu niliyoichora pembeni, ile ambayo hakuwahi kuuliza ni ya nini.

"Na nyeupe?" akasema. "Nyeupe ngapi?"